Mkutano wa chama milimani Colorado: bei ya chumba ndo kitu kidogo kuliko vyote

Kila ikifika mwishoni mwa Agosti habari za uchumi zinajaa jina moja, Jackson Hole, bonde la milimani wanakokutana wakubwa wa benki kuu, na kwenye magrupu swali linarudi lilelile, hivi hawa wakubwa wa benki kuu wanafuata nini huko Wyoming porini, mbona wasikutane New York ambako mabenki yapo? Historia yake ni nyepesi tu. Tawi la Kansas City la benki kuu ya Marekani lilianza mikutano hii 1978, na 1982 likaihamishia Jackson Hole, na mojawapo ya sababu ni kwamba mwenyekiti wa benki kuu wa enzi hizo, Paul Volcker, alikuwa mpenzi mkubwa wa kuvua samaki aina ya trauti, wakajua wakiweka mkutano karibu na mito yenye trauti jamaa hatakataa mwaliko. Akaja. Mpaka leo watu kama 120 hivi wanakutana pale kila mwaka, na kinachowafanya warudi ni kwamba ukishafika huna pa kukimbilia, mnakula pamoja, mnatembea pamoja, mazungumzo yanaendelea mpaka usiku.

Hilo wazo sasa limeingia na kwetu. Vyama vya Waswahili walioko Texas, Minnesota, Ohio, vikundi vya makanisa ya Wakongomani, koo zilizotawanyika majimbo kumi, wote wanataka mkutano wa mwaka milimani, na Colorado ndo inatajwa zaidi kwa sababu Denver ina ndege za kutoka kila kona na tayari kuna watu wetu wengi Denver na Aurora. Kinachofuata huwa kilekile: mtu anatuma picha ya ziwa na mlima wenye theluji, anaandika "hoteli dola 189 tu kwa usiku", watu wanaweka vidole gumba, miezi sita baadaye kamati inadaiwa maelfu ya dola na hakuna anayeelewa zimetoka wapi. Naandika hii kwa sababu nimeona vyama vizuri vikigawanyika kwa ajili ya bili ambayo mtu angeweza kuiona mapema kabisa kama angejua maneno matano tu ya kwenye mkataba.

Tuanze na hayo maneno. Ukiiambia hoteli mnakuja wengi, wanakutengea vyumba, hiyo wanaita rumu bloku, yaani fungu la vyumba lenye jina lenu na bei yenu. Kuna tarehe ya kukata, mara nyingi siku 30 kabla ya mkutano, ikipita hapo vyumba ambavyo havijabukiwa vinarudi kwa hoteli na bei yenu inaweza isiwepo tena. Kuna atrisheni, hili ndo neno baya kuliko yote na nitalirudia. Kuna kima cha chini cha chakula, yaani kiasi ambacho mmeahidi kutumia kwenye chakula na vinywaji vya hoteli mkitumia msitumie. Na kuna sevisi chaji, ambayo watu wanaidhania ni tipu ya kuamua mwenyewe kumbe ni asilimia ya lazima iliyoandikwa.

Atrisheni ni hivi. Umesaini vyumba 40 kwa usiku tatu, hiyo hoteli inahesabu kama usiku 120 wa vyumba. Mkataba unasema lazima mjaze angalau asilimia 80, yaani 96. Watu wakabuku 70. Pengo ni 26, na kama bei ni dola 220 basi chama kinadaiwa dola 5,720 kwa vitanda ambavyo hakuna aliyelala. Aliyewahi kukaa kamati ya harusi analijua hili vizuri, kwenye kadi za michango watu wanaahidi kwa furaha na mwenyekiti anaandika, lakini mpishi ukishamwambia sahani 300 anapika 300, na wakija 200 hela yake ni ileile. Hoteli haifanyi ubaya, imekataa wateja wengine kwa ajili yenu. Tatizo linakuwa pale kamati inaposaini idadi ya waliosema "nipo" badala ya idadi ya waliolipa chochote.

Halafu kuna jambo linauma zaidi ya hilo. Watu wanakuja kweli, ukumbi umejaa, ila hesabu ya hoteli inasema mmejaza nusu. Imekuwaje? Binamu ameona kwenye simu hotelini hapohapo chumba kwa dola 15 pungufu akabuku kupitia mtandao, wengine wanne wamechukua nyumba ya kukodi mtaa wa pili, na wote hao hawahesabiki kwenye bloku yenu. Ndo maana kabla ya kusaini unaomba kipengele kinachosema mgeni yeyote wa mkutano aliyelala hotelini anahesabiwa hata kama alibuku kwa njia nyingine, na baada ya mkutano mnawapa orodha ya majina wanailinganisha na yao. Hoteli nyingi zinakubali ukiomba. Usipoomba hawakupi.

Mengine ya kuomba kwenye meza hiyohiyo: hesabu ya asilimia 80 ifanywe kwa jumla ya usiku zote na siyo usiku mmoja mmoja, kwa sababu watu wetu wanafika Ijumaa usiku na wanaondoka Jumapili asubuhi, Alhamisi haijai kamwe. Omba tarehe moja au mbili za katikati ambapo mnaruhusiwa kupunguza vyumba bila faini. Omba kwamba vyumba mlivyoacha hoteli ikiviuza kwa mteja mwingine basi msidaiwe. Na kama mko wachache, vyumba kumi, kumi na tano, uliza kama wana bloku ya hisani, ile isiyo na adhabu yoyote, mnatengewa vyumba mpaka tarehe ya kukata na visipochukuliwa vinarudi basi yameisha. Kwa kikundi kidogo hiyo ndo njia salama na ajabu ni kwamba watu wachache sana wanaiuliza.

Chakula nacho. Sahani imeandikwa dola 60 na alama mbili za kujumlisha pembeni, hizo alama siyo mapambo. Ya kwanza ni sevisi chaji, tuseme asilimia 24, inakuwa dola 74.40. Ya pili ni kodi, tuseme asilimia 8, na sehemu nyingi inapigwa juu ya jumla nzima, unafika dola 80.35. Kwa watu mia ulidhani ni 6,000, ni 8,035. Na kwa kawaida hiyo ziada haihesabiki kwenye kile kima cha chini mlichoahidi. Kwa upande wa vyumba afadhali kidogo, tangu Mei 2025 kuna kanuni ya Marekani inayolazimisha hoteli kuonyesha bei ikiwa na ada zote za lazima tangu mwanzo, ile resoti fii, yaani ada ya lazima ya hoteli iliyokuwa inajitokeza mwishoni, sasa inatakiwa ionekane juu, ila kodi bado unaweza kuikuta pembeni kwa hiyo soma.

Sasa hayo yote yangekuwa kweli hata Dallas. Milima inaongeza mambo yake.

Watu wengi wanadhani Denver iko milimani. Haiko. Denver iko kwenye uwanda, mita 1,609 juu ya bahari, na milima unaiona upande wa magharibi. Kwenda mji wa milimani wa Estes Park kutoka uwanja wa ndege ni saa moja na nusu hadi mbili kwa gari, kwenda Vail au Breckenridge unapita barabara ya I-70 na handaki la Eisenhower ambalo lenyewe liko zaidi ya mita 3,300 juu. Ijumaa mchana nusu ya Denver inapanda nayo, Jumapili mchana nusu hiyo inashuka, kwa hiyo mkiweka ibada ya kufunga Jumapili saa sita halafu mtu ana ndege saa kumi na moja jioni, huyo ndege imemwacha. Kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei, kipande cha I-70 kati ya Morrison na Dotsero sheria inataka gari liwe na tairi zinazofaa theluji au lina minyororo ndani, na hii inamhusu hata aliyekodi gari uwanjani asubuhi ile. Basi dogo la pamoja linaonekana ghali mpaka upige hesabu ya magari kumi ya kukodi.

Na msimu. Hapa kuna siri ambayo ukiielewa unaokoa hela nyingi kuliko kubishana na meneja wa mauzo. Miji ya milimani ni ya aina mbili na misimu yake imepishana. Vail na Breckenridge ni miji ya kuteleza kwenye theluji, bei inapanda Krismasi mpaka Mwaka Mpya, Februari kwenye wikiendi ya sikukuu ya Marais, na Machi shule zikifungwa, halafu kiangazi katikati ya wiki hoteli zilezile zinatafuta watu. Estes Park ni kinyume, uko mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, kwa hiyo Julai na Agosti hupati hata pa kuegesha gari, na mwisho wa Septemba bado watu wamejaa wakifuata majani ya miti ya aspeni yanayogeuka njano na kulungu wakubwa wanaoitwa elki wanaopiga kelele za kutafuta majike, ila Februari kumetulia na bei imelala. Katikati ya misimu, kuanzia mwisho wa Aprili mpaka Mei na tena mwisho wa Oktoba mpaka katikati ya Novemba, ni msimu wa matope, baadhi ya migahawa inafunga, njia za kupanda zina tope, na wenyeji wenyewe wanaenda likizo. Kama mmekuja kupanda mlima ni wakati mbovu. Kama mmekuja kufanya uchaguzi wa viongozi na kupitisha katiba, ambayo yote inafanyika ndani ya ukumbi, sioni wakati mzuri kuliko huo. Ndo maana nasema chagueni tarehe na lengo kwanza, mji utajichagua.

Mwinuko ndo jambo lenye uzushi mwingi. Utasikia "sisi wa Nairobi tumezoea", na ni kweli Nairobi iko juu kuliko Denver, karibu mita 1,800, ila mtu aliyeishi Houston miaka kumi mwili wake ni wa Houston, usawa wa bahari. Na mkutano hauko Denver. Breckenridge iko mita 2,926, hiyo imepita kibanda cha Mandara pale Kilimanjaro ambacho kiko kwenye 2,700 hivi. Barabara ya Trail Ridge ndani ya hifadhi inafika mita 3,713, yaani usawa wa Horombo kabisa, sehemu ambayo mpanda Kilimanjaro anaifikia kwa miguu siku ya pili na anaambiwa apumzike, wewe umefika kwa gari na watoto nyuma wanakula chipsi.

Hewa kule haijapungukiwa oksijeni kwa maana ya mchanganyiko, ni asilimia 21 ileile, kinachopungua ni mgandamizo, kila pumzi inabeba kidogo. Estes Park unapata kama robo tatu ya kile cha Mombasa, Breckenridge kama asilimia 70. Matokeo yake kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi hauji, na hayaji ukishuka kwenye gari, yanakuja saa sita hadi kumi na mbili baadaye, yaani usiku ule wa kwanza, na asubuhi yake ndo mmepanga kikao kikubwa saa mbili. Uzushi mwingine ni kwamba mtu wa mazoezi hapatwi. Anapatwa, mara nyingine kuliko mzee anayetembea taratibu, kwa sababu kijana anafika na kuanza kukimbia. Vile vikopo vya oksijeni vinavyouzwa madukani vinakupa nafuu ya dakika chache tu. Kinachosaidia ni kulala Denver usiku wa kwanza, siku ya kwanza juu kutofanya kazi nzito, kunywa maji kwa sababu hewa ni kavu, na kuacha pombe mpaka siku ya pili. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kuyumba akitembea au kuhema akiwa amekaa tu, hiyo siyo ya kusubiri asubuhi, piga 911 na ashushwe.

Hapa naomba nisikilizwe vizuri, maana miongozo ya hoteli haiandiki. Kwenye jamii zetu selimundu ni ugonjwa wa nyumba nyingi. Mwenye selimundu kamili kupanda juu kunaweza kumletea maumivu makali, lazima aongee na daktari wake kabla hamjamkatia tiketi. Na hata yule aliyebeba kinasaba kimoja tu, ambaye maisha yake yote hajawahi kuumwa na pengine hajui kama anacho, imeshatokea watu wa namna hiyo kupata tatizo la bandama wakijitumikisha kwenye mwinuko mkubwa. Dalili ni maumivu makali upande wa kushoto, juu ya tumbo, chini ya mbavu. Wengi hawapati chochote. Lakini kamati inayotuma fomu ya usajili yenye swali la saizi ya tisheti inaweza kuongeza mstari mmoja unaowakumbusha watu waulize daktari, mstari tu, bila kumtaka mtu aandike ugonjwa wake.

Jiko nalo linahusika. Mama mmoja wa kikundi tulichokuwa nacho kwenye nyumba ya kukodi upande wa Breckenridge aliweka maharage saa tatu asubuhi, saa saba bado yanagonga kwenye meno, akaniita, "Mwanangu, hili jiko lao bovu au?" Nikamwambia, "Jiko zima mama, ni maji ndo yanachemka mapema, kwa huku digrii 90 tu yameshaanza kutokota, hayapandi zaidi ya hapo." Akanyamaza kidogo akauliza kama kuna presha kuka. Ipo, na ndo dawa yenyewe, kwa sababu inarudisha joto ambalo mlima umelipunguza. Wali unataka maji zaidi na muda zaidi, pilau la watu sitini likipikwa kwa vipimo vya nyumbani linatoka na kiini. Na kama mmepania nyama choma, ulizeni kaunti kuhusu marufuku ya moto, kiangazi kikikauka wanazuia moto wa kuni na mara nyingine mkaa pia, gesi yenye swichi ya kuzima ndo huruhusiwa zaidi.

Hoteli nyingi haziruhusu chakula cha nje kabisa. Ukikuta kipengele hicho na nyie hamuwezi kukaa siku tatu bila ugali na samaki, hamjapata hoteli yenu, endeleeni kutafuta. Kwa vikundi vyenye watoto na wazee naipenda YMCA of the Rockies pale Estes Park, ipo tangu 1907, ina kumbi na nyumba za mbao zenye majiko, nyingine zimejengwa makusudi kwa koo zinazokutana, na bei inaendana na mifuko ya kawaida. Ila kiangazi inajaa mapema mno, hilo la kuamua Aprili muende Julai lisahauni.

Kuhusu kutembea hifadhini, miaka ya karibuni Rocky Mountain imekuwa ikitaka kibali cha saa maalum kwa kila gari kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka katikati ya Oktoba, na utaratibu wanaupanga upya kila mwaka, kwa hiyo angalieni kabla ya kuandika "safari ya mbugani saa nne" kwenye ratiba. Wageni wa kutoka nyumbani wana lao, tangu Januari 2026 asiyekuwa mkazi wa Marekani mwenye miaka 16 na zaidi anatozwa dola 100 za ziada kwenye hifadhi 11, Rocky Mountain na Grand Teton ya kule Jackson Hole zikiwemo. Msiwalipie chochote kisichorudishwa kabla viza haijagongwa. Na mkitaka kukusanyika kwenye ardhi ya misitu ya serikali mkiwa 75 au zaidi mnahitaji kibali, hata kama ni maombi tu na nyimbo. Vikao vya nje viwekwe asubuhi, Julai na Agosti radi za mchana ni karibu kila siku.

Watu wanasaini kifungu cha majanga bila kukisoma kwa kuwa kinaonekana ni cha mawakili. Oktoba 2020 moto wa East Troublesome ulilazimisha mji mzima wa Estes Park kuhama, mwezi uleule moto wa Cameron Peak ulikuwa umeshakuwa mkubwa kuliko wote katika historia ya Colorado, na kiangazi cha 2021 maporomoko yalifunga I-70 pale Glenwood Canyon kama wiki mbili. Mji ukihamishwa hakuna anayebishana. Ugomvi unakuja hoteli ikiwa wazi, meneja yupo mlangoni anatabasamu, ila moshi umejaa na wazee wenye pumu hawawezi kuvuka maegesho, au barabara imefungwa na basi lenu haliwezi kufika. Kifungu kinatakiwa kitaje moshi, kitaje barabara kufungwa, na kiseme amana inarudi au inahamia tarehe nyingine. Maneno ya jumla jumla yatasomwa kwa faida ya aliyeyaandika.

La mwisho ni saini. Mkataba usainiwe kwa jina la chama kilichosajiliwa, na anayesaini aandike cheo chake chini ya jina. Mwenyekiti akisaini kwa jina lake peke yake na chama hakijasajiliwa jimbo lolote, zile dola 5,720 hoteli inaweza kumdai yeye mwenyewe, na wale 40 waliosema "nipo" hakuna hata mmoja ambaye jina lake liko kwenye ile karatasi.